Jibu: Uzito wa ziada kwa majimbo madogo

Salaam ndugu. Umeuliza kama ni haki mfumo wa uchaguzi kuyapa majimbo madogo uzito unaozidi idadi ya watu wake, na umekwama kwa kuwa hoja za pande zote mbili zinakushawishi.

Nami nilikwama hapo hapo, mpaka nilipoanza kuuliza kwanza uzito huo unatolewa katika chombo gani. Katika Seneti ya Marekani kila jimbo lina maseneta 2, hivyo Wyoming, yenye watu wasiofika 600,000, inalingana na California yenye zaidi ya milioni 38. Ujerumani imepita katikati: katika Bundesrat, baraza linalowakilisha majimbo, kila jimbo lina kura kati ya 3 na 6 kulingana na idadi ya watu wake, na kwa hiyo jimbo dogo husikika bila kuwekwa sawa na kubwa. Njia hii naiona ya haki zaidi.

Kisha tazama kama uzito huo unamlinda mdogo asimezwe, au unamwezesha kumchagulia mkubwa kiongozi. La pili silikubali kabisa. Rais wa Marekani huchaguliwa kwa kura za wajumbe wa majimbo, na majimbo madogo hupewa wajumbe wengi kuliko idadi ya watu wake; mwaka 2000 na 2016 nchi hiyo ilipata rais aliyezidiwa kura za wananchi na mpinzani wake, ingawa utaratibu wa mshindi kuchukua kura zote za wajumbe wa jimbo nao ulichangia.

Usisahau pia kwamba jamii ya wachache inayoishi ndani ya jimbo kubwa haipati chochote katika mpango huu.