Jibu: Oscar Straus na wale akina Strauss
Mkuu, umeuliza kama Oscar Straus, mtunzi wa operetta (michezo ya jukwaani ya kuimba na kuchekesha), ni ukoo mmoja na Johann Strauss, mfalme wa waltz (muziki wa dansi ya kuzunguka), na ilikuwaje akaishia Marekani.

Undugu hakuna. Alizaliwa Vienna mwaka 1870 akiwa Strauss kamili, akaikata "s" ya mwisho mwenyewe ili asichanganywe na wale wakubwa. Herufi moja tu!

Alipitia kwenye kabareti (ukumbi wa burudani za muziki na vichekesho) Berlin, kisha mwaka 1907 operetta yake Ein Walzertraum ikamtoa. Mwaka uliofuata akaigeuza tamthilia ya mwandishi Bernard Shaw kuwa operetta, Der tapfere Soldat. Shaw aliidharau, akataka itangazwe kuwa ni mzaha usio na idhini yake, wala hakutaka senti. Kumbe operetta hiyo ikaja kujaza kumbi London na New York. Sijui alilalaje!

Machi 1938 Ujerumani ikaimeza Austria. Straus alikuwa Myahudi, umri miaka 68. Akakimbilia Paris, Wafaransa wakampa nishani yao ya Légion d'honneur, lakini vita vikamfuata huko huko. Ndiyo akavuka bahari, New York na Hollywood, kuanza upya kizee.

Wengi huishia hapo. Mwaka 1948 alirudi Austria, akakaa mji wa Bad Ischl, na mwaka 1950, ana miaka 80, waltz yake ikasikika kwenye filamu La Ronde ya Max Ophüls. Bembea inazunguka, na muziki unazunguka nayo. Alifariki huko Ischl Januari 1954.

Ukitaka kumsikiliza, anza na hiyo waltz.