Fidla, viola na "p" isiyo ya polepole: maswali yenu

Maswali ya safari hii mengi ni ya vijana walioingia okestra wakitokea kwaya. Moja lilikuwa limeandikwa nyuma ya karatasi ya sauti ya pili, na nadhani mwenye karatasi bado anaitafuta.

Shikamoo mwalimu. Nimeimba kwaya tangu nikiwa mdogo na solfa nasoma bila shida. Sasa nimepewa fidla na karatasi ya mistari mitano. Kwa nini wasituandikie d r m tu? (Kidato cha Pili, Ipagala)

Marahaba, mwanangu. Solfa, yaani nota za herufi d r m f s l t, usiitupe. Ilianzia Uingereza katika karne ya 19: Sarah Glover aliiasisi, John Curwen akaieneza, na waliokusudiwa walikuwa waimbaji. Jibu lako liko hapo. Koo halina nyuzi. Mwalimu wa kwaya akisema "do ni G" au "do ni F", koo linajipanga lenyewe na so inabaki so. Fidla haikubali hivyo. Do ikiwa G, so ni uzi wa D mtupu, bila kidole. Do ikiwa F, so inahamia kidole cha tatu kwenye uzi wa G. Herufi ni ileile, mkono uko kwingine kabisa. Stafu, yaani hiyo mistari mitano, inakuonyesha mahali pa kuweka kidole.

Anza na nyuzi zako nne: G, D, A, E. Zote zinakaa kwenye nafasi, hakuna hata moja iliyopitiwa na mstari katikati. G iko chini ya vimistari viwili vya ziada, D imening'inia chini ya mstari wa kwanza, A ipo nafasi ya pili kutoka chini, E nafasi ya nne. Hizo ukizishika, kila nota nyingine ni hatua moja, mbili au tatu kutoka kwenye uzi unaoujua.

Kisha irudishe solfa kazini. Tazama alama za mwanzo wa mstari: shapu (♯) ya mwisho ndiyo ti. Ukiona shapu mbili, F na C, basi C shapu ni ti na do ni D. Kwa flati (♭), ya mwisho ndiyo fa. Mwanakwaya akilijua hilo anawapita wenzake wa fidla ndani ya mwezi, nimeliona mara nyingi. Ila nakuomba usiandike herufi kwa kalamu chini ya kila nota. Jicho likishaona herufi halihangaiki tena na nota.

Kondakta anatugombeza kila tukifika kwenye "p". Tunapunguza kama ilivyoandikwa, bado anagomba! (Wapiga selo wawili, Area C)

Mnapunguza nini, sauti au mwendo? Nadhani mmesoma p mkaona "polepole". Si ninyi peke yenu. Nimesikia okestra nzima ya watoto ikilala usingizi kwenye p na kuamka kwenye f, kana kwamba f ni "fasta". Kiswahili chetu kinachangia, maana tukimwambia mtu aongee polepole mara nyingi tunataka apunguze sauti.

Hayo ni maneno ya Kiitalia. p ni piano, sauti ndogo. f ni forte, sauti kubwa. Ikitanguliwa na m ni ya wastani: mp ndogo kiasi, mf kubwa kiasi. Mwendo una maneno yake, na huandikwa juu ya mstari mwanzoni: andante ni mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, allegro ni wa kuchangamka. Kwenye p mguu uendelee kupiga vilevile. Upinde usukume kidogo tu, uusogeze kuelekea upande mnakobonyezea nyuzi, na mkono wa kulia uwe mwepesi. Jaribuni hivyo kwenye mazoezi ya Jumamosi mwone kama atagomba.

Mwanangu anapiga viola. Nilimtafutia kitabu cha fidla cha mtumba, anasema hakisomeki. Ananidanganya? (Mama, Nkuhungu)

Hapana, mama, mtoto yuko sahihi. Viola, nduguye fidla mwenye sauti nene zaidi, ina ufunguo wake (alama ya mwanzo wa stafu inayosema kila mstari ni nota gani), na mstari wa katikati ndiyo C ya kati ya kinanda. Uzi wake mnene kabisa ni C ya chini. Ukiuandika kwa ufunguo wa fidla utaning'inia chini ya vimistari vinne vya ziada, na nani atavihesabu muziki ukikimbia? Kwa ufunguo wake, nyuzi zake C, G, D, A nazo zinakaa kwenye nafasi, kama za fidla. Kitabu mpe jirani mwenye fidla.

Kijimlango na herufi V juu ya nota ni nini? (Makole)

Kijimlango: vuta upinde, kutoka kisigino, pale unaposhikia, kwenda ncha. V: usukume urudi. Kuvuta kuna uzito wa mkono, ndiyo maana pigo la kwanza la kipimo mara nyingi hupewa kijimlango. Ukiona *pizz.* acha upinde, donoa uzi kwa kidole mpaka uone *arco*.

Wimbo wa kipimo cha 6/8 tuhesabu sita kweli? (Kisasa)

Polepole, ndiyo. Ikichangamka, mguu mara mbili, kila mara ukibeba tatu. Ngoma nyingi za kwetu zinatembea hivyo. Cheza kwanza, hesabu baadaye.

Babu yangu anapiga zeze na hajawahi kuona nota. Kwa nini mimi niteseke? (Manyoni)

Msalimie sana babu. Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyefariki 2003, alilifikisha zeze kwenye majukwaa ya Ulaya, na hakuna aliyemdai karatasi. Ili uwe mwanamuziki, nota si lazima. Ila babu anapiga anachokijua. Wewe Jumamosi unakaa na watu ishirini, mnafunguliwa wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, na mnatakiwa muanze pamoja saa hiyohiyo. Nota ni za kazi hiyo. Na babu akikuita kwenye zeze, nenda. Sikio atakalokupa hakuna karatasi inayolitoa.

Vigingi vya fidla yangu vinateleza usiku kucha, asubuhi nyuzi zimelegea. Nimeuziwa mbovu? (Chang'ombe)

Huenda ni Dodoma tu. Kiangazi chetu kinakausha mbao, kigingi kinasinyaa ndani ya tundu lake. Fungua uzi mmoja tu, chomoa kigingi, pakaa chaki ya ubaoni kidogo, rudisha huku ukikisukuma ndani unapozungusha. Ukimaliza huo ndipo uende mwingine. Ukifungua zote nne kwa pamoja, daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, litaanguka. Usiiache fidla chini ya bati wala ndani ya gari mchana. Mvua za Desemba zikianza vitakaza vyenyewe, na hapo utaniandikia kwamba havizunguki.