Mgeni asilale na wenyeji: kwa vijana mnaoanza kufuga njiwa

Kila msimu mambo ni yale yale. Kijana anaona njiwa wa jirani wakizunguka juu ya mapaa jioni, moyo unamwenda mbio, na kesho yake anatoka sokoni na katoni iliyotobolewa matundu. Baada ya wiki anauliza kwa nini njiwa wamerudi kwa aliyemuuzia. Baada ya mwezi anauliza kwa nini mmoja anapinda shingo. Jozi, kinda, gole (mfuko wa chakula shingoni mwa ndege) na kuatamia mnavijua, kwa hiyo hatuanzi na alifu. Tunasema yale tuliyoyaona yakirudiwa mpaka tumechoka, na tunayasema kwa sababu tunawapenda, nyinyi na njiwa wenu.

1. Banda kwanza, njiwa baadaye

Mita 2 kwa 2 zinatosha jozi 8. Ukiweka 12 utaona madume wakichanana na mayai yakivunjika, halafu utasema njiwa hawa ni wakorofi, kumbe hawana pa kusimama. Kila jozi ipate chumba chake cha sentimita 60 upana, 40 kina na 40 kimo, chenye bakuli mbili za kiota. Mbili, si moja: jike hutaga tena wakati makinda yake yana wiki mbili au tatu tu, na bakuli ikiwa moja atataga juu ya vichwa vyao.

Waya uwe wa nusu inchi. Kwenye tundu la inchi moja panya mdogo anapita, na nyoka humfuata panya. Miguu ya banda iwe mita 1 kutoka ardhini, na kila mguu uvalishwe koni ya bati iliyofunguka kuelekea chini. Usiache dirisha lisilo na waya hata mchana. Kunguru waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakaenea pwani nzima, na kunguru mmoja akishajua lilipo yai atarudi kila siku mpaka kiota kiwe kitupu.

Kwa sisi wa pwani, uso wa banda uelekee kaskazini-mashariki. Jua la asubuhi liingie ndani, na mvua ya masika inayokuja na upepo wa kusi ipige mgongo wa banda. Unyevu ndani ya banda huua makinda wengi kuliko mwewe.

Jambo moja dogo ambalo wengi hawalifikirii: njiwa manga si ndege wa mtini kama ninga au tetere. Asili yake ni majabali, anakotaga kwenye vipenyo vya mawe. Ndiyo maana anapenda rafu, giza kidogo na pembe. Mpe ubao bapa wa kusimamia wenye upana wa kiganja, si fimbo ya mviringo. Akisimama kwenye ubao miguu hutulia, na kila mmoja akiwa na ubao wake, ugomvi wa usiku hupungua nusu.

2. Chakula

Vipimo 4 vya mtama, 3 vya mahindi madogo au yaliyovunjwa, 2 vya choroko au kunde, 1 cha uwele. Wakilea, ongeza choroko kipimo kimoja na upunguze mahindi. Gramu 35 kwa njiwa mmoja kwa siku zinatosha, na wazazi wenye makinda watataka hata mara mbili ya hizo. Maharage yasiyopikwa usiwape, yana sumu. Mahindi yenye harufu ya ukungu mwaga, usioshe na kuanika ukidhani umeyaokoa, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa jua.

Njiwa hana meno, ana firigisi, na firigisi inataka mawe. Changarawe ndogo, maganda ya chaza yaliyopondwa, mkaa, udongo mwekundu, na kijiko kidogo cha chumvi kwa kila kilo moja ya mchanganyiko. Chombo cha maji kiwe na kina cha sentimita 3 au zaidi, maana njiwa hanywi kwa kudonoa na kuinua kichwa kama kuku. Huzamisha mdomo na kufyonza.

3. Mgeni

Hapa ndipo penye kidonda, na hapa hatuwahubirii kutoka juu. Karibu kila mwenye banda la miaka mingi ameshalifanya kosa hili, na wako waliolifanya mara mbili.

Huwa hivi. Umeona dume zuri sokoni, kifua kipana, jicho angavu kama kaharabu. Umemshika, mzito, manyoya yamelala vizuri. Umefika nyumbani magharibi imeingia, kizimba cha pembeni kimejaa makopo ya rangi, nawe umechoka. Unasema, usiku mmoja tu. Unafungua mlango wa banda unamwingiza. Asubuhi anakula, anavimbisha gole, anazungukazunguka mbele ya majike, nawe unasimama pale unafurahi. Siku ya tatu bado mzima. Siku ya tano umeshasahau kwamba ni mgeni.

Halafu asubuhi moja sakafu ya banda ina madimbwi. Kinyesi cha njiwa mzima ni donge lenye kofia nyeupe, lakini hiki ni maji matupu yenye uzi mwembamba wa kijani katikati. Hapo ndipo tunapoanza kujidanganya. Tumesema ni maji mengi kwa sababu ya joto. Tumesema ni mtama mpya. Wengine tumesema ni jicho la hasidi. Siku chache zikipita, jike mmoja anadonoa punje na kuikosa, anadonoa tena kando yake, anarudi nyuma kwa mshangao. Kisha shingo inaanza kupinda, mwisho kichwa kinatazama juu na mdomo umeelekea mgongoni.

Huo ni ugonjwa wa virusi, ndugu wa karibu kabisa wa kideri cha kuku, ila umezoea mwili wa njiwa. Hukaa ndani ya ndege siku chache, hata wiki kadhaa, kabla ya kuonekana, na muda wote huo kinyesi chake kinaambukiza. Ndiyo maana yule dume alionekana mzima. Huenda hata yeye mwenyewe asiugue vibaya. Wanaougua ni wale uliowalea wewe, ambao hawajawahi kukutana na kirusi hicho, na makinda ndio hufa wa kwanza.

Kosa la pili huzaliwa na la kwanza. Tunakimbilia duka la dawa za mifugo na kurudi na unga wa oksitetrasaiklini, tunautia kwenye maji ya banda zima. Dawa hiyo ni ya bakteria, virusi haivigusi. Siku saba zinapita, tunaongeza dozi, na tunachofanikiwa ni kuharibu matumbo ya njiwa ambao walikuwa bado wazima.

La tatu ndilo linalouma zaidi. Kwa hasira au kwa huruma tunawachinja wote waliopinda shingo. Wengi wao wangepona. Njiwa huyo hafi kwa kupinda shingo, anakufa kwa njaa na kiu kwa sababu hawezi kulenga punje. Akitengwa kwenye kizimba tulivu, akawekewa bakuli yenye chakula cha kina cha sentimita 5 ili popote mdomo unapoangukia ukute punje, na maji kwenye kikombe kirefu, wengi hurudi sawa baada ya wiki nne hadi nane. Asipoweza kabisa, unamlisha kwa mkono choroko zilizolowekwa, asubuhi na jioni, ukipapasa gole kwanza kuona kama chakula cha mwanzo kimeshuka. Wachache hubaki na kichwa kinachotikisika wakishtuka. Tunawajua njiwa wa namna hiyo waliokuja kulea makinda safi miaka iliyofuata.

Na tumemlaumu muuzaji. Pengine naye hakujua. Mlango wa banda tuliufungua wenyewe.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kwenda sokoni, kizimba cha mgeni kiwe kimeshasafishwa, upande mwingine wa nyumba, pasipopeleka upepo kwenye banda. Siku 30, bila kupunguza hata moja. Wenyeji wahudumiwe kwanza, mgeni mwisho, na vyombo vyake, fagio lake na ndara za kuingilia kwake visitoke pale. Siku ya kwanza mpe maji na chakula, mwache apumzike. Siku ya pili mfungue mdomo kwenye mwanga. Ukiona utando wa njano kooni kama siagi iliyoganda, usiukwangue kwa kijiti, utamwaga damu na kumuua. Hicho ni kidonda cha koo, kinatibika kwa metronidazole, dozi kwa uzito wa ndege kutoka kwa daktari wa mifugo. Apewe pia dawa ya minyoo na unga wa chawa chini ya mabawa. Kinyesi kitazamwe kila siku.

Chanjo ya njiwa dhidi ya kirusi hicho cha kupinda shingo ni sindano chini ya ngozi, sehemu ya chini ya shingo upande wa nyuma, kuanzia wiki ya 5 au 6 ya umri, kisha kila mwaka. Itunzwe kwenye nyuzi 2 hadi 8 na isigande. Haitibu aliyekwisha kuambukizwa, na kinga huchukua wiki mbili hadi tatu kukamilika, kwa hiyo kumchanja leo na kumwingiza bandani kesho hakumlindi yeyote. Wanaotumia matone ya kideri ya kuku kwa kukosa ile ya njiwa wajue kinga yake ni hafifu zaidi.

Njiwa wako mwenyewe aliyepotea wiki mbili akarudi, naye ni mgeni.

4. Dume, jike na mayai

Kiota chenye mayai manne ni cha majike wawili walioamua kuishi pamoja. Hayataanguliwa, hata uombe dua.

Kutambua jinsia kwa sauti na umbo la kichwa kuna makosa mengi. Kuna njia ya uhakika ambayo wachache wanaitumia: chukua dume wa kijivu mwenye mistari miwili myeusi bawani, mpe jike mwekundu wa majivu, yaani mwekundu mwenye mkia na ncha za mabawa za rangi ya majivu. Makinda wote wekundu watakuwa madume, wote wa kijivu majike. Utawajua wakiwa bado kiotani, mara manyoya yanapotoka. Ukigeuza, dume awe mwekundu na jike wa kijivu, hesabu hiyo haifanyi kazi.

Yai la kwanza hutagwa jioni, karibu na saa 11 au 12. La pili huja saa 44 hivi baadaye, yaani mchana wa kesho kutwa. Msimguse jike katikati ya hayo mawili. Kuatamia hasa huanza yai la pili likitoka, na siku ya 17 au 18 makinda hutoka. Dume hukaa tangu saa 4 asubuhi mpaka saa 10 alasiri, saa nyingine zote ni za jike. Ukikuta mayai peke yake mchana, mtafute dume, usimsumbue jike.

Siku ya 6 mulika mayai kwa tochi ya simu. Mishipa myekundu ni uhai. Yai likiwa angavu tu, toa, lakini weka la plastiki jike amalize siku zake, la sivyo atataga tena haraka na kuchakaa. Huku kwetu hakuna majira ya baridi ya kuwasimamisha, watazaa mwaka mzima mpaka waishe. Vizazi vinne kwa mwaka, kisha tenganisha madume na majike mpaka wamalize kubadilisha manyoya.

5. Makinda na pete

Siku nne au tano za kwanza kinda huishi kwa maziwa ya njiwa tu, yale yanayotoka kwenye gole la mama na la baba pia. Hakuna uji utakaoyafikia, kwa hiyo msiwatoe makinda kwa wazazi mkidhani mnasaidia.

Pete ya namba, yenye kipenyo cha milimita 8, huvalishwa mguuni mwa kinda kati ya siku ya 7 na ya 10: vidole vitatu vya mbele vipite pamoja, cha nyuma kilazwe juu ya mguu, pete ikishapita ukichomoe kwa kijiti cha kiberiti. Ukichelewa siku mbili tu haiingii. Andika namba daftarini usiku huohuo, baba nani, mama nani. Bila daftari utaozesha ndugu bila kujua, na utashangaa makinda kuzaliwa dhaifu.

6. Vumbi na inzi

Yule inzi bapa anayekimbia ndani ya manyoya hunyonya damu na kueneza ugonjwa unaofanana na malaria. Vifukofuko vyake hudondoka kwenye takataka za kiota na huchukua zaidi ya wiki tatu kupasuka. Badilisha matandiko ya viota kila baada ya wiki mbili na mzunguko wake unakatika.

Ukifagia, nyunyiza maji kwanza na vaa barakoa. Wafugaji wamepata ugonjwa wa mapafu kwa vumbi hili, na ukishaingia mwilini kila siku bandani inakuwa kikohozi.

7. Kufungulia

Mkubwa aliyenunuliwa hafunguliwi. Kwao anakumbuka. Mfanye mzazi, ufungulie watoto wake.

Makinda wakifika wiki 5, wawekwe wiki nzima kwenye kizimba cha waya juu ya banda, wayaone mapaa, minazi na minara ya mtaa wao. Kila wakati wa chakula gonga kopo, kopo lilelile. Siku ya kuwafungulia wasile mchana. Subiri saa 11 jioni, pasiwe na upepo mkali, fungua mlango taratibu na usiwashtue, watoke kwa miguu yao. Wengine watapaa mpaka paa la jirani na kukaa pale wakishangaa. Usirushe mawe, usipige mluzi, usipande ngazi. Gonga kopo. Wakiingia, hesabu mara mbili kabla ya kufunga, na kama mmoja amebaki nje, acha mlango wa kuingilia wazi hadi giza litande, kisha uamke kabla ya kunguru.