Unaanza na mitandao ya spaiki na kamera za matukio? Shughulika na muda kwanza

Wakuu, hii ni kwa mliopewa kazi ya kukadiria mwendo kwa kamera za matukio na mitandao ya spaiki (mitandao ya neva ambayo niuroni zake zinatumiana mapigo mafupi, ndizo spaiki). Karibu kila mgeni anaanza kwa kukimbilia modeli, anasaka mtandao wenye tabaka kibao, data yenyewe hajawahi hata kuifungua akaitazama. Fungua data kwanza. Hii kamera haipigi picha, kila pikseli inajitegemea, mwanga ukipanda au kushuka kupita kiwango (kwa logi, sio mwanga wenyewe) inatoa tukio lenye vitu vinne: x, y, muda kwa mikrosekunde na alama ya kupanda au kushuka. Basi.

Hesabu matukio ya kila pikseli kwa sekunde kadhaa kamera ikiwa imetulia, utakuta pikseli chache zinapayuka tu bila sababu, hizo zima mapema. Taa nazo mziangalie, taa nyingi za umeme wa 50 Hz zinamemeta mara 100 kwa sekunde na kamera inaona yote, modeli inaishia kukupa mwendo ambao haupo.

Sasa kwenye kukata data ndo watu wanaharibu. Mtu anachukua milisekunde 50, anajumlisha idadi ya matukio yote yanakuwa kama fremu moja, halafu analisha mtandao wa spaiki. Jamani, mstari mwembamba uliopita kutoka kushoto kwenda kulia na uliotoka kulia kwenda kushoto, ukijumlisha idadi tu unabaki na alama ileile, sasa mtandao ujue vipi umeelekea wapi? Gawa hizo 50 vipande 10 vya milisekunde 5 uvilishe kwa mfuatano. Na ukibadilisha urefu wa kipande, rudi kwenye uvujaji wa niuroni (kiasi inachopoteza kila hatua), hivi viwili vinatembea pamoja.

Chukua karatasi upige hesabu hii. Niuroni ina kizingiti 1, kila hatua inapokea 0.3, na inabakiza 0.9 ya ilichokuwa nacho: 0.3, 0.57, 0.813, halafu hatua ya nne inafika 1.03 inatoa spaiki. Sasa weka inabakiza 0.5: 0.3, 0.45, 0.525, inapanda weee lakini haivuki 0.6 hata ungoje mwaka mzima. Hiyo imekufa, na tabaka inayofuata haipati kitu. Kwa hiyo mtandao ukitoa sifuri tupu usikimbilie kubadilisha kasi ya kujifunza, chapisha kwanza asilimia ya niuroni zinazotoa spaiki kwa kila tabaka, mara nyingi jibu liko hapo.

Gradienti mbadala (mteremko laini wa kubuni wakati wa kufundisha mtandao) tumia tu, spaiki yenyewe ni ngazi, haina mteremko wa kufuata. Tabaka ya mwisho usiilazimishe kutoa spaiki, mwendo ni namba zenye desimali na hasi, soma volteji yake (kiasi ilichokusanya) moja kwa moja. Na hali ya niuroni ifute unapohamia rekodi nyingine, ila usiifute katikati ya rekodi kama modeli yako inategemea kumbukumbu.

Kwenye kupima, wengi wanatumia seti za data kama MVSEC ya 2018 (kamera zake ni 346 kwa 260) au DSEC yenye 640 kwa 480. Kosa la MVSEC kwa kawaida linahesabiwa kwenye pikseli zenye matukio tu, na kuna kipimo cha fremu moja na cha fremu nne (mwendo wa muda wa fremu moja au nne za picha za kawaida zilizorekodiwa pamoja na matukio), usilinganishe namba za hiki na kile. Cha fremu moja mwendo wenyewe mara nyingi ni mdogo, kwa hiyo weka pia modeli inayojibu sifuri kila mahali uone umeizidi kiasi gani, wakati mwingine inatia aibu kwa kweli. Ukuta wenye mistari ya upande mmoja pia unadanganya, ukiutazama kwa kidirisha kidogo unaona tu mwendo unaokata mistari, ule wa kufuata mistari haupo kwenye data kabisa, hivyo ongeza eneo ambalo niuroni inaliona.

Halafu hii ya "spaiki zinaokoa umeme", kwenye GPU (kadi ya michoro) ya kawaida usiitegemee, hatua zote zinapigwa hesabu hata pasipo na spaiki. Faida iko kwenye chipu zinazofanya kazi spaiki inapotokea, za aina ya Loihi ya Intel, na hata huko niuroni zako zikipiga kelele kila hatua hujaokoa kitu, kwa hiyo ile asilimia ya spaiki endelea kuichapisha mpaka siku ya kukabidhi kazi.