Maswali ya Wasomaji: Corolla Iliyolala Zaidi ya Mwaka Sasa Inamisi

SWALI: Ndugu mtaalamu, nina Toyota Corolla AE100 yenye injini ya 5A-FE. Nilipohamishiwa kikazi Dodoma niliiacha nyumbani Tanga, karibu na bahari, ikakaa chini ya mwembe bila kuwashwa kwa mwaka mmoja na ushei. Niliporudi nilifunga betri mpya, nikaongeza lita 10 za petroli juu ya robo tangi iliyokuwamo, na gari likawaka kwa tabu. Sasa halikai sailensa, yaani halitulii likinguruma bila kukanyagwa mafuta: linatetemeka mpaka usukani unacheza, na nyuma linatoa harufu ya petroli mbichi, ila nikikanyaga mafuta na kufika kilomita 60 kwa saa linatulia kidogo. Fundi wa mtaani ameniambia ninunue nozeli (vipulizia petroli kwenye injini) zote nne za mtumba kutoka Dar es Salaam. Je, ninunue? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Usinunue bado. Fundi wako ana sababu ya kuzishuku nozeli, kwa kuwa petroli iliyokaa muda mrefu hupoteza sehemu zake nyepesi na kuacha gundi inayoziba matundu yake madogo. Hata hivyo, dalili ulizozitaja zinaweza kuletwa na mambo mengine yenye gharama ndogo zaidi, na nozeli za mtumba nazo hujui zimelala wapi na kwa muda gani. Kabla ya kufungua chochote inatakiwa ijulikane kama ni silinda moja inayomisi, yaani inayokosa kuchoma petroli, au zote nne zinafanya kazi vibaya kwa pamoja.

Liache gari lingurume bila kukanyaga mafuta, kisha shika kipande cha karatasi karibu na mdomo wa ekzosi. Silinda moja ikiwa haichomi, karatasi itapigwa na kulegea kwa mapigo yanayojirudia kwa mpangilio uleule, na mara nyingine itavutwa kidogo kuelekea ndani. Kama tatizo ni petroli mbovu au hewa inayopenya pasipotakiwa, mapigo hayana mpangilio na injini hupanda na kushuka yenyewe. Kwa jinsi unavyoueleza mtetemo wako, ninaelekea upande wa silinda moja. Tena harufu ya petroli mbichi inanifanya niitilie shaka cheche kabla ya nozeli, kwa sababu nozeli iliyoziba hutoa petroli kidogo kuliko inavyotakiwa, wakati harufu hiyo inaonyesha kwamba petroli inaingia na inatoka bila kuungua. Nozeli iliyokwama wazi inaweza kuleta harufu kama hiyo, lakini hilo tutalifikia.

Ili kuipata silinda yenyewe, chomoa soketi ya umeme ya nozeli moja, sikiliza, irudishe, kisha nenda kwenye inayofuata. Ukichomoa ya silinda nzima injini italegea zaidi na huenda ikataka kuzima. Ukichomoa ya silinda mbovu hakuna kitakachobadilika. Mafundi wengi hupenda kuvuta waya za plagi injini ikiwa inanguruma. Njia hiyo siipendi, kwa kuwa umeme wa koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) usiopata pa kwenda hutafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa mkono wako au saketi ya kuwashia ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi.

Ukishaijua silinda, zima injini na uvute waya wake wa plagi. Kwenye 5A-FE plagi hukaa ndani ya visima virefu katikati ya kava la vali, na mipira inayozuia oili isiingie visimani hukauka kwa umri. Ukiona ncha ya waya imelowa oili na mpira wake umevimba, hapo umepata sababu moja. Na kwa gari lililokuwa chini ya mti, kisima kinaweza pia kuwa na maji na kutu. Kikaushe kabla ya kufungua plagi, la sivyo uchafu wote utaangukia ndani ya silinda. Hamishia plagi ile kwenye silinda jirani na uwashe: ubovu ukihama pamoja nayo, ni plagi, ukibaki palepale, fanya vivyo hivyo kwa waya, mradi waya ufike na kila silinda ibaki imeunganishwa na tundu lake kwenye kava la distribyuta.

Hilo kava nalo lifungue. Kwa gari lililolala pwani ningelifungua hata kama plagi zote ni safi, maana hewa ya chumvi hula vichwa vyake vinne vya ndani na kuviachia unga mweupe au wa kijani. Lipeleke juani uligeuzegeuze. Mstari mwembamba mweusi, kama uliochorwa kwa penseli kutoka kichwa kimoja hadi kingine, ni njia ambayo umeme umeshajichongea, na kava la namna hiyo halisafishiki, linabadilishwa pamoja na rota yake, kipande kinachozunguka chini yake. Usiku, mahali penye giza, unaweza kuinua boneti injini ikiwa inanguruma na kutazama waya: zinazovuja huonyesha vicheche vya buluu vinavyoruka kuelekea kwenye chuma.

Kama cheche iko sawa, hapo nozeli hupata zamu yake. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kila nozeli na mpini wake karibu na sikio. Nzima hutoa mlio mkavu wa kugonga kwa haraka, na iliyonyamaza haifunguki. Ipime kwa mita, ambapo nozeli za injini hii husoma takriban omu 13 hadi 14. Ikiwa umeme wake ni mzuri lakini imeziba, peleka zote nne zikasafishwe kwa mashine inayoonyesha namna kila moja inavyopuliza. Hapo hapo ndipo inayovuja hujulikana.

Wakati huohuo mwaga petroli yote iliyomo, kwani lita 10 mpya ulizoongeza zimechanganyika na ile ya zamani. Chukua kiasi kidogo kwenye chupa ya kioo na uiache itulie: maji hushuka chini na kujitenga, na petroli iliyochacha hunuka kama vanishi. Badilisha na filta ya mafuta.

Angalia pia mipira ya vakyumu (mabomba ya mpira yanayonyonya hewa), hasa ule mwembamba unaokwenda kwenye sensa ya mgandamizo wa hewa, kwa sababu ukipasuka kompyuta hudhani injini imebeba mzigo na huongeza petroli kwenye silinda zote. Panya hupenda kasha la filta ya hewa, na waya hawaziachi. Kama umeshapita kote huko na silinda ileile bado haifanyi kazi, mwombe fundi apime kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa), kwani vali iliyokaa wazi muda mrefu inaweza kuwa imekwama au imeota kutu mahali inapokalia.

Taa ya injini isikupoteze. Kompyuta ya gari la umri huu haina namna ya kutambua kwamba silinda inakosa, hivyo ukiunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi na taa ikapepesa kwa mwendo sawa, maana yake ni kwamba tu hakuna sensa iliyolalamika. Taa ikipepesa kwa namba ya hitilafu, yaani 22, ya sensa ya joto la maji, au 31, ya sensa ya mgandamizo, anza na hizo. Mpaka hapo usiliendeshe gari masafa marefu, kwa kuwa petroli isiyoungua huenda kuungulia kwenye katalisti (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi) na kuiharibu.

SWALI: Peugeot 504 ya marehemu baba ilikaa bandani miaka miwili. Sasa inawaka, lakini nikirudisha choki tu inazima, labda niendelee kuikanyaga mafuta. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Hiyo karibu kila mara ni jeti ya sailensa ya kabureta (kipande kinachopitisha petroli wakati hukanyagi mafuta), yenye tundu dogo kuliko yote, ambayo petroli ilipokauka iliachiwa gundi. Choki huongeza utajiri wa mchanganyiko, ndiyo sababu injini inavumilia nayo. Ifungue jeti, ilowanishe kwa dawa ya kusafishia kabureta, kisha ipulize kwa hewa ya kompresa. Usiichokonoe kwa waya, kwani tundu likipanuka halirudi. Ukiwa umefungua, toa na matope yaliyotulia chini ya bakuli la kabureta, na uangalie kama sindano ya boya, inayozuia petroli isijae kupita kiasi, inafunga vizuri. Ikishakubali kunguruma bila choki, kaza upya nati zinazoishikilia kabureta, maana gasketi iliyokauka chini yake huleta dalili hiyohiyo.