Nilipomshauri Mheshimiwa Atulie

Wiki iliyopita msomaji mmoja, msaidizi wa kiongozi anayejiandaa kutetea kiti chake, aliniuliza kama bosi wake atulie hadi uchumi utengemae au achukue hatua kubwa zitakazowaudhi baadhi ya watu. Swali hilo lilinichoma, kwa kuwa ushauri wa kutulia niliwahi kuutoa mimi mwenyewe, na tuliangushwa.

Hotuba nilizomwandikia mheshimiwa wangu zilikuwa safi, na sidhani kama yupo ambaye angeziandika vizuri zaidi, ila nilikuwa nimeziondolea kila ahadi inayoweza kupingwa. Niliamini kwamba asiyefanya lolote hana kosa la kushtakiwa. Kumbe wapiga kura walikuwa wamemhesabia kila ajira iliyopotea, hata zile zilizopotea kabla hajaingia madarakani. Wenzangu walioisifu tahadhari ile vikaoni ndio waliotangulia kuninyooshea kidole, na hilo sijalisahau.

Tangu hapo nimesoma sana habari za waliotetea viti katika nyakati ngumu. Mwaka 1936 Rais Franklin Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48 ya Marekani, ingawa mamilioni walikuwa bado hawana kazi, kwani watu walikuwa wameiona serikali yake ikihangaika kwa ajili yao. Mwishoni mwa 1982, Ronald Reagan akiwa madarakani, ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10.8 na chama chake kikapoteza viti 26 katika Baraza la Wawakilishi. Miaka miwili baadaye, uchumi ukiwa umeinuka, alichukua majimbo 49 kati ya 50.

Ndugu yangu, thubutuni, lakini thubutuni mapema. Rais Jimmy Carter, aliyemtangulia Reagan, alimteua Paul Volcker kuongoza benki kuu ya Marekani mwaka 1979 ili kupambana na mfumuko wa bei. Riba zikapanda, Carter akashindwa mwaka uliofuata, na nafuu ilipokuja ikamkuta mrithi wake. Uthubutu haukukosekana, muda ndio uliokosekana.

Unasema mmebakiwa na miezi 14, takriban ile aliyokuwa nayo Carter. Mageuzi ya kodi hayatazaa kitu kwa muda huo, kwa hiyo chagueni kazi za umma zinazoanza kulipa mishahara mara moja, na bosi wako azitetee hadharani kwa jina lake. Atatokea mtu mwenye rasimu ya hotuba isiyomkera yeyote. Msikilizeni kwa adabu, kisha msiisome.