Wasomaji Wanauliza: Kiazi kimekataa kulegea

SWALI: Nafundisha baiolojia. Niliweka vipande vya kiazi mviringo kwenye maji ya bomba, na vingine kwenye nusu lita ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Baada ya dakika 20, vya maji ya bomba vilikakamaa kidogo. Vya chumvi havikulegea wala kupungua uzito, na wanafunzi wananitazama tu. Nimekosea wapi? – Mwalimu, Kasulu

JIBU: Mwalimu, chumvi ilikuwa chache na muda ulikuwa mfupi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 5 hadi 6. Ndani ya nusu lita hiyo ni kama asilimia 1, na hapo ndipo maji ya nje yanapokaribia kulingana na utomvu wa seli za kiazi. Maji huvuka utando wa seli kuelekea upande wenye chumvi nyingi (ndiyo osmosisi); pande zikilingana, yanaingia na kutoka kwa kasi ileile, kwa hiyo mizani haioni kitu. Usilitupe jibu hilo: wengi huchora grafu nzima kutafuta kiwango hicho cha chumvi ambacho uzito haubadiliki.

Rudia kwa bilauri tatu: maji matupu, chumvi asilimia 1, na chumvi asilimia 5 (gramu 25 kwa nusu lita, vijiko vinne na nusu hivi). Menya kiazi vizuri, maana ganda lake halipitishi maji kirahisi. Vipande vyote vitoke kwenye kiazi kimoja, urefu sentimita 5, upana na unene sentimita 1. Pima kila kimoja kabla ya kukitumbukiza, acha saa moja hadi mbili, kisha kikaushe kwa kitambaa bila kukikamua ndipo upime tena. Maji yaliyobaki juu ya kipande ndiyo yanayoharibu majibu ya madarasa mengi. Kokotoa mabadiliko kwa asilimia: kipande kikitoka gramu 5.0 hadi 5.4, kimeongezeka asilimia 8. Kama huna mizani ya kusoma sehemu ya kumi ya gramu, kikunje kwa vidole. Cha maji matupu kitavunjika kwa mlio, cha asilimia 5 kitapinda kama mpira.

Mwanafunzi mwerevu atauliza mbona seli hazipasuki kwenye maji matupu. Zimezungukwa na ukuta wa selulosi: maji yakijaa, ukuta unasukuma nyuma hadi yasiweze kuingia zaidi. Kwenye chumvi nyingi utando wa seli, ulio ndani ya ukuta huo, unasinyaa na kubanduka ukutani. Ukiwa na hadubini, mwonyeshe kwenye ngozi nyembamba ya kitunguu chekundu, rangi ikijikusanya katikati ya seli. Ukiirudisha mapema kwenye maji matupu inajaa tena. Ukichelewa seli zinakufa. Kiazi kilichochemshwa hakifai kabisa, kwa sababu moto umeshauharibu utando huo.

SWALI: Bustani yangu iko karibu na maji ya chumvichumvi. Mchicha unanyauka mchana hata udongo ukiwa umelowa. Niongeze kumwagilia? – Mkulima, Uvinza

JIBU: Ukiongeza maji hayohayo unaongeza chumvi. Jua linakausha maji, chumvi inabaki, na mzizi unashindwa kuvuta maji ya udongo kwa sababu yana chumvi nyingi kuliko utomvu wake. Ndiyo kazi ileile inayofanyika kwenye kachumbari ukinyunyiza chumvi juu ya vitunguu: bakuli linajaa maji.

Chimba mfereji wa kutolea maji kwanza, la sivyo utaisukuma chumvi chini kisha ipande tena. Halafu pitisha maji yasiyo na chumvi, pole pole: lita 150 kwa mita moja ya mraba, yaani ndoo saba na nusu za lita 20, hupunguza takriban nusu ya chumvi katika sentimita 30 za juu. Ni kazi ya mgongo. Ukiweza subiri masika yakusaidie. Funika tuta kwa nyasi kavu. Maharage, karoti na vitunguu usivijaribu hapo kwa sasa, ni vyepesi kuathirika. Spinachi huvumilia zaidi.

SWALI: Maji ya Ziwa Tanganyika yanafaa kumwagilia mboga, au nayo yana chumvi? – Msomaji, Ujiji

JIBU: Yanafaa. Madini yaliyoyeyuka humo hayafiki gramu 1 kwa lita. Bahari ina kama gramu 35.